Muhogo Wenye Ukucha

Baba yangu alikuwa na jaruba la mpunga pale Kitaya, karibu na mto kiasi kwamba ukipiga chafya upande wetu, mtu wa Msumbiji anakuambia afya. Jaruba lilikuwa letu kwa maneno tu. Mwenye kulila alikuwa kiboko. Sisi tulilima, tukapanda, tukapalilia, kisha yeye akatoka majini taratibu kama mkwe aliyealikwa, akavuna. Kazi ya watoto wa nyumba ile ilikuwa kupiga madebe ili mgeni asijisikie nyumbani. Nimepiga debe mpaka nikaacha shule darasa la nne. Mwalimu alisema nasinzia darasani, na kweli nilikuwa nasinzia, sikuwa na la kujitetea.

Asubuhi moja ya ukungu baba akanituma nikaone kama mwizi amekwisha kuondoka. Nikasimama kwenye tuta la mbali, nikamwona. Mweusi, mgongo duara, masikio mawili madogo, pua. Kiboko kamili, ungeniambia nimchore mchangani kwa kijiti ningemchora. Nikasogea ili debe limfikie vizuri. Nikasogea tena. Ukungu nao ukawa unasogea pamoja nami. Nilipodhani sasa nimemkaribia, kiboko akanipotea. Mbele yangu palikuwa na ukuta wa kijivu wenye mabaka: hapa unyevu, hapa tope, hapa majani yamegandia. Nikatazama kushoto, kijivu. Nikatazama kulia, kijivu. Nikajisemea, aa, kumbe ni kichuguu. Kichuguu kikapumua.

Sitaeleza nilivyokimbia, maana pale Kitaya wapo watu hai wanaoeleza vizuri kuliko mimi, na kila mmoja katika hadithi yake amenivua nguo zaidi ya mwenzake. Ninachotaka ushike ni kitu kimoja: kwa mbali niliona kiboko, kwa karibu nikaona mabaka. Nikaoa, nikahamia mjini, Rahaleo, nikabeba mizigo bandarini mpaka mgongo ukasema basi, nikazeeka. Sikujua kwamba yale mabaka yananingoja kwenye bango.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu marehemu, amebaki Kitaya. Kwetu sisi Wamakonde wa zamani, mtoto wa dada ndiye mtoto. Wa kwako mwenyewe unamlisha tu, lakini shauri lake liko kwa wajomba zake. Kwa hiyo huyu mpwa akiposwa naitwa, akiugua naitwa, akigombana na mumewe naitwa, na nikifika nakuta wamekwisha kupatana na mwenye makosa ni mimi niliyechelewa. Ndiyo kazi ya ujomba. Haina likizo.

Yeye na wanawake wenzake wanatengeneza unga wa muhogo. Wanamenya, wanakata, wanaanika makopa, wanasaga, wanachekecha. Unga wa muhogo kila mtu anatengeneza huku kwetu, hilo si jambo la kumwandikia mtu. Lakini unga wa mpwa wangu hauna mchanga. Wewe uliyekula ugali wa muhogo wa sokoni unajua ninachosema: unatafuna huku unasikiliza meno yako. Watu wanaanika makopa chini, wengine pembeni ya barabara, kuku anapita, pikipiki inapita, upepo unapita, na wote wanaacha sadaka yao. Yeye anaanika juu ya vichanja virefu, na akiona mtoto anapita na mguu wenye vumbi anamzungusha nyuma ya nyumba.

Tatizo lake lilikuwa dalali. Dalali anaununua ule unga mweupe, kisha anaumimina kwenye gunia moja na unga wa wale wa barabarani. Huko unakokwenda, mlaji anauma jiwe na kulaani Kitaya nzima. Aliniambia siku moja tumekaa kwake, anachekecha, wala hakuniangalia.

"Mjomba, mimi nataka mtu ale asisikie mchanga, halafu ajue ni nani wa kumrudia."

Hayo tu. Hakutaka nyumba ya bati wala kwenda kuhiji. Alitaka mtu amrudie.

Na njia ikapatikana. Kuna mwenye duka kubwa pale Chikongola, hukohuko mjini, lile duka ambalo unasukuma kikapu chenye magurudumu kama unamsukuma mgonjwa. Alipewa unga ule akapika kwake, akampigia simu mpwa wangu. Akamwambia kuna rafu moja iko wazi. Leteni unga kwenye pakiti iliyochapishwa, yenye nembo yenu, inayosomeka. Maonyesho ya wakulima yakipita bila pakiti, rafu naipa unga wa watu wa mkoa mwingine, nao wapo mlangoni.

Hapo ndipo nembo ilipoingia katika maisha yangu, na kabla yake ikaingia kamati.

Kikundi kilipotaka kusajiliwa kiliambiwa lazima kiwe na kamati. Wanawake walikuwa na kazi ya kumenya muhogo, kwa hiyo kamati ikawa ya wanaume, ambao hawakuwa na kazi. Mwenyekiti alikuwa mstaafu wa ofisi, mtu wa kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Katibu alikuwa na mali mbili: simu yenye kioo kipana, na muhuri wa kikundi. Muhuri ule aliulalia. Mimi nikawa mjumbe kwa sababu ya ujomba. Walisema mzee atatupa busara, nami nikawapa usingizi, ambao ndio niliokuwa nao tangu shule.

Kikao cha nembo kilianza vizuri. Mwenyekiti akasema iwe na muhogo. Wote tukakubali. Mmoja akasema na mto uwepo, maana tuko mtoni. Mwingine akasema jua, kuonyesha maendeleo. Mwingine kitabu, kuonyesha elimu, na mikono miwili iliyoshikana, kuonyesha umoja, ingawa yeye na jirani yake wa kiti walikuwa hawaamkiani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Kisha katibu akasema lazima awepo kiboko, maana Kitaya inajulikana kwa kiboko.

Nikaamka. Nikawaambia kiboko ni mwizi. Amekula mpunga wa baba yangu, amekula wa baba zenu, na leo mnamtia kwenye pakiti ya chakula kama mwenye mali. Wakacheka, wakasema mzee ana chuki binafsi. Kiboko akapita kwa kura zote isipokuwa yangu.

Mchoraji nilimtafuta mimi. Ni mtoto wa shangazi yangu, ana kibanda chake Chikongola, zamani akiandika vibao vya maduka kwa brashi, sasa ana kompyuta. Huku kwetu mtoto wa shangazi ni mtani wako. Anaweza kukuvua kofia mbele za watu akaenda nayo, na wewe ukicheka umelipa, ukinuna umeongeza deni. Huyu hajapata kuwa mnyenyekevu hata siku moja. Ukimuuliza saa ngapi anaanza kukueleza saa ilivyoundwa.

Alisikiliza orodha ya kamati, mto, jua, kitabu, mikono, kiboko, akasema huyo mnayemtaka si mchoraji, ni mchukuzi. Akakata vyote, akabakiza muhogo na kiboko. Akavipanga vizuri: muhogo umelala, kiboko nyuma yake anachungulia. Nikiri kwamba alipendeza, yule mwizi.

Kisha akaniketisha kunipa somo, maana kwake hutoki bila somo. Akaniambia nembo nitakupa kwa faili mbili, na msizichanganye. Moja ni ya kutazama kwenye simu. Ya pili ni ya kufanyia kazi, ya bango, ya pakiti, ya fulana. Nikasema faili ni faili. Akaniangalia kama daktari anavyomwangalia mtu aliyekunywa dawa ya kupaka.

"Mama yangu, shangazi yako, alisuka mkeka wa kulala watu wawili. Uvute basi walale kumi."

"Utachanika," nikasema.

"Tuseme haukuchanika. Ukili utakuwa umetanuka, kila pindi nene kama mkono, na lile ua la katikati halijulikani tena kama ni ua au ni kobe. Hiyo ndiyo picha ya simu, bwana mpiga debe. Imesukwa kwa vijimraba, kila kimoja na rangi yake, na hesabu yake ilikwisha siku iliposukwa. Ukiikuza, vijimraba haviongezeki. Vinanenepa."

Hiyo ya pili akasema inaitwa vekta, na hiyo si mkeka. Hiyo ni maneno ya msusi: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale, ndani tia rangi ya kahawia. Ukitaka kubwa kama ukuta, kompyuta inasoma yale maneno inasuka upya kwa ukubwa wa ukuta. Ukitaka ya kizibo cha chupa, inasuka ya kizibo. Mstari unabaki mstari. Akaniambia pia kwamba simu za watu wengi haziwezi kuifungua, kwa hiyo msihangaike nayo, mpelekeeni mchapaji kama ilivyo. Akatia faili zote mbili kwenye flashi, akaniwekea mfukoni kwa mkono wake, akachukua kofia yangu.

Nilifikisha flashi. Somo nalo nililifikisha, lakini nadhani lilimwagika kidogo njiani, maana nilipofika kwenye mkeka wa shangazi mwenyekiti aliniuliza mkeka unahusianaje na ajenda.

Katibu akachomeka flashi kwenye simu yake kwa waya. Faili ya kwanza ikafunguka: muhogo, kiboko, watu wakapiga makofi. Faili ya pili simu ikaandika hakuna programu ya kufungua faili hili. Akajaribu tena. Akaipitisha simu kwa wajumbe, kila mmoja akabonyeza, kila mmoja akasoma kwa sauti, kana kwamba kwake itasema kitu kingine. Nikawaambia ndivyo mchoraji alivyosema, haifunguki kwenye simu. Wakanitazama kwa huruma.

Mwenyekiti akauliza uzito. Katibu akasoma: ile inayofunguka ni kubwa, ile isiyofunguka ni ndogo kuliko mwenzake. Hapo mwenyekiti akavua miwani. Akasema, ndugu wajumbe, akili ya kawaida, kitu cha bango kubwa kinawezaje kuwa kidogo kuliko kitu cha simu? Tumepewa faili tupu. Mchoraji ni mwizi.

Nilimtetea, lakini utetezi wa mtani haukubaliki, wakaona namtetea kwa ukoo. Ikaazimiwa mchoraji apelekewe salamu hizo, naye akapelekewa siku hiyohiyo, kwa simu, kwa kipaza sauti, kamati nzima ikisikiliza. Alijibu neno moja, "Haya," akakata. Mimi ninayemjua nikajua limemkaa, maana mtu yule hajawahi kujibu neno moja. Kisha katibu akaifuta faili ile kwenye flashi, kuokoa nafasi.

Sasa kuna jambo ambalo mtu asiye wa huku hawezi kulielewa. Kwetu kitu kisicho na muhuri hakijazaliwa. Barua bila muhuri ni uvumi. Nembo ilikuwepo, lakini je, ni rasmi? Kwa hiyo katibu akaenda kuichapisha ile ya simu kwenye karatasi, ukubwa wa kiganja. Mwenyekiti akaazima kalamu akatia saini. Katibu akagonga muhuri, rangi ya zambarau, ukatua kwenye makalio ya kiboko na nusu ya muhogo. Wakashangilia. Halafu ili kila mmoja awe na nakala, katibu akaishika karatasi kwa mkono wa kushoto, akaipiga picha kwa mkono wa kulia, akaituma kwenye kundi la simu na maneno haya: NEMBO RASMI, ZILE NYINGINE ZOTE ZIMEFUTWA.

Kidole gumba chake cha kushoto kilikuwemo kwenye picha, pale pembeni, kimeshika karatasi. Hakuna aliyekiona. Au waliona, wakadhani nacho kimeidhinishwa.

Picha ile ikasafiri. Katibu alimtumia mwenyekiti, mwenyekiti akamtumia mjumbe, mjumbe akamtumia mkwewe mjini, mkwewe akamtumia mtengeneza mabango. Baadaye mtani wangu aliniambia kwamba kila ikitumwa, simu inaibana ipite, na ikibanwa inapoteza kitu, kama ndoo ya maji inayopokezanwa mkono kwa mkono. Iliyofika kwa mtengeneza mabango ilikuwa ndoo yenye tope chini. Naye, nasikia, aliuliza kama wana uhakika. Akajibiwa ina muhuri.

Siku ya maonyesho nilivaa kanzu. Banda letu lilikuwa zuri, wanawake wamefunga vitenge sare, mpwa wangu amepanga unga kwenye mifuko myeupe mitupu inayongoja nembo. Bango lilikuwa limekunjwa, pana kama ubavu wa lori. Mwenyekiti akatoa hotuba fupi ambayo haikuwa fupi, kisha wajumbe wawili wakavuta kamba.

Nikamwona kiboko wa utotoni mwangu. Yuleyule. Ukuta wa kijivu, mabaka, vijimraba vikubwa kama vigae vya sakafu, na juu ya makalio wingu la zambarau. Huku nyuma nikasikia mtu akiuliza kama ni ramani ya wilaya. Ule muhogo wa mtani wangu, uliochorwa vizuri ukalala, ulikuwa umekuwa rundo la matofali. Lakini kidole gumba cha katibu, bwana wee, kile kilikuwa kimetoka. Kwa kuwa kilikuwa kinene na karibu na kamera, kilijaza upande mzima wa kushoto, cha kahawia, kinono, kimelala, chenye mikunjo, na mwishoni ukucha.

Watu wakakusanyika. Huku kwetu watu wanaujua muhogo, wakaanza kukichambua. Mama mmoja akasema muhogo huu ni mnene lakini una mizizi ya pembeni, haufai kwa makopa. Mzee mmoja akasema hapana, ule mwishoni si mzizi, ni ukucha. Mama akamwambia shikamoo yangu nirudishie, tangu lini muhogo ukawa na ukucha. Wakabishana mpaka banda la jirani, la wafuga nyuki, likabaki na nyuki tu.

Ndipo mwenye duka alipofika. Alitazama bango kwa muda. Akauliza, kwa adabu kabisa, hicho upande wa kushoto ni nini.

Mwenyekiti hakusita. Akasema ni mbegu mpya, iko kwenye utafiti.

Nikamwangalia mpwa wangu. Alikuwa ameshika mfuko mmoja wa unga kifuani. Mwenye duka naye akamgeukia yeye, si mwenyekiti, akangoja.

"Ni kidole cha katibu," mpwa wangu akasema. "Unga huu hauna mbegu mpya. Hauna mchanga tu."

Mwenye duka akacheka kidogo, lakini kicheko cha mtu mwenye haraka. Akasema unga anaujua na anautaka, ila kidole cha mtu hakiweki dukani kwake. Akamwambia mchapaji wake wa pakiti yuko Dar es Salaam na anataka nembo kwa vekta, hataki picha. Ijumaa faili iwe imefika kwake. Isipofika, Jumamosi rafu ina watu wengine. Akaenda zake banda la nyuki kununua asali, maana halikuwa na mteja mwingine.

Kamati ikakaa palepale nyuma ya bango. Mwenyekiti akauliza vekta ni kitu gani, nikafungua mdomo, akasema si wewe. Katibu akasema yeye anajua, ni mwisho wa jina la faili tu. Na hapo mbele ya macho yangu akachukua ile picha ya kidole, akafuta zile herufi za mwisho wa jina lake, akaandika herufi za vekta, akaituma Dar es Salaam. Akasema tayari. Ni sawa na kumwita mbuzi ng'ombe kisha ukae na ndoo ukisubiri maziwa. Jibu la mchapaji lilirudi kesho yake asubuhi, na kwa heshima ya wazee sitaliandika. Mwenyekiti akasema huyo mchapaji lazima anashirikiana na yule mchoraji mwizi. Akaitisha kikao cha dharura. Akakipangia Jumapili.

Ijumaa, Jumapili. Nadhani hesabu hiyo hata mimi wa darasa la nne naiweza.

Alhamisi mpwa wangu akaja kwangu Rahaleo. Alikuja na gari la asubuhi, akaketi uani na mke wangu, wakachambua mchele. Aliponiamkia nikaitika, akasema, "Mjomba, nipeleke kwa mtani wako." Hakusema neno juu ya kamati.

Njiani nilikuwa natayarisha maneno. Kwa mtani huombi msamaha kwa maneno makavu, atakudharau. Inabidi uingie na shingo imeinama ili apige. Tukamkuta mlangoni pa kibanda, amevaa kofia yangu.

"Karibuni kwa mwizi," akasema. "Shikeni mifuko yenu."

Nikamwambia nimekuja kuibiwa zaidi. Akaniambia sina cha kuibiwa, hata usingizi wangu umetumika. Akaendelea hivyo, akaipitia kamati mtu mmoja mmoja, akafika kwa mwenyekiti na kalamu zake, kwa katibu na kidole chake, maana habari za kidole zilikuwa zimefika Chikongola kabla ya sisi, watoto walikuwa wanaimba. Akaniagiza nimfagilie kibanda. Nikafagia, mzee mzima na kanzu yangu. Wapita njia wakauliza kulikoni, akawaambia amepata kijana wa kazi. Nilipomaliza kona ya mwisho, nikaona uso wake umelegea, nikajua amelipwa.

Ndipo mpwa wangu akamuuliza kama anaweza kuichora upya ile faili iliyofutwa, maana Ijumaa ni kesho.

"Mama, wamefuta nakala yao," akasema, na sauti aliyomtolea yeye ilikuwa nyingine. "Yangu ipo. Mtu hafuti maneno ya msusi kwa kuchoma mkeka." Akabonyeza, na nembo ikatokea kwenye kioo, muhogo na kiboko, safi. Akaikuza. Akaikuza tena, mpaka jicho la kiboko likajaza kioo chote, na ukingo wa jicho ukabaki mstari mmoja, laini, kama aliyeuchora bado hajainua mkono. Nikasogeza uso karibu kabisa. Hakukuwa na baka hata moja.

Lakini mkono wake haukutuma. Akasema yeye hana neno, ila nembo hii ni ya kikundi na kikundi kina kamati. Akimpa mama hapa bila saini, kesho ataitwa mwizi mara ya pili, na mara hii kweli. Anataka neno la mwenye kauli.

Mpwa wangu akanigeukia. Hakuniomba. Aliniangalia tu, vile mtoto wa dada anavyomwangalia mjomba, kwamba sasa ndiyo maana ya wewe kuwepo.

"Mpe," nikasema.

Mtani akanitazama, akaitikia kwa kichwa, akaanza kuandaa. Kisha mpwa wangu akasema neno ambalo sikulitegemea. Akauliza kama kiboko anaweza kutoka. Akasema yeye tangu mwanzo hakumtaka, ila hakuulizwa. Anauza chakula, na mnyama yule alikula cha bibi yake.

Nikadhani atabaki na shimo pale alipokuwa. Mtani akasema kwenye picha ya simu angebaki na shimo kweli, maana vijimraba vyote vimeshonana, ukitoa kiboko umetoa na kilichokuwa nyuma yake. Lakini hapa kila umbo linasimama peke yake. Akamgusa kiboko kwa kishale, akabonyeza kitufe kimoja. Kiboko akaondoka. Muhogo ukabaki umelala mzima, hata haukushtuka.

Baba yangu alipiga madebe mpaka anaingia kaburini, na sisi watoto wake tukapiga, na mnyama yule hakupata kuondoka siku alipotaka kubaki. Huyu kamwondoa kwa kidole kimoja huku anakunywa chai. Nilitamani baba awepo amwone, hata kama angesema huo ni uchawi.

Faili ikaenda Dar es Salaam palepale. Mchapaji akajibu kwa neno moja, na mara hii neno zuri. Kofia sikurudishiwa.

Nilikwenda Kitaya kwenye kikao, maana mjumbe ni mjumbe. Kile cha Jumapili kilikuwa kimeahirishwa kwa sababu katibu alisahau muhuri, kikaja kufanyika wiki kadhaa baadaye. Wakati huo pakiti zilikuwa tayari rafuni pale Chikongola, muhogo umelala, jina la Kitaya chini yake linasomeka. Mke wangu alikuta mwanamke asiyemjua akichukua mbili, akimwambia mwenzake chukua huu, huu husikii mchanga. Kamati haikujua. Hakuna mjumbe aliyewahi kuingia duka lile, wanasema lina baridi.

Ajenda ilikuwa moja: kuboresha nembo kabla ya kuipeleka kwa mwenye duka, ambaye mwenyekiti alisema bila shaka bado anasubiri. Hoja ikawa ni mdomo wa kiboko. Nusu walisema afumbe, kuonyesha amani. Nusu walisema aachame, kuonyesha nguvu. Wakabishana mpaka jua likahama. Katibu akapendekeza afumbe nusu. Wakatofautiana ni nusu ipi.

Nje, upande wa vichanja, nilikuwa nasikia visu vya wanawake wakimenya. Visu havikusimama hata mara moja.

Mwenyekiti akagonga meza. Akasema tumsikie mzee, maana yeye ndiye mjomba wa mwenye unga, na leo hajasinzia. "Mzee, kiboko tumfanyeje?"

Wote wakanigeukia. Nikasema nakwenda kunawa mikono, endeleeni.

Nikatoka. Nikapita kwenye vichanja, mpwa wangu akainua macho, akaona ninakoelekea, akarudi kwenye muhogo wake. Nikashika njia ya kwenda kupanda gari, na mikono sijanawa mpaka leo.